Kifaa cha GPS cha baiskeli kinapokokotoa njia upya: kwa nini kinanirudisha Tanga wakati ninakwenda Pangani?

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba niweke hapa dukuduku nililolibeba muda mrefu, na naamini wenzangu mnaopanda baiskeli kwa safari ndefu mtalitambua. Sitaitaja kampuni iliyotengeneza kifaa changu, kwa kuwa nimewahi kuazima viwili vya wenzangu, vya kampuni nyingine, na ugonjwa nikaukuta ule ule, dalili tu ndizo zilizotofautiana.

Safari yenyewe ni ya mzunguko. Ninatoka Tanga mjini alfajiri, nashika barabara kuu ya kwenda Segera, napita Pongwe hadi Muheza. Pale Muheza naiacha barabara kuu na kushika njia inayoteremka kwenda Pangani. Na kutoka Pangani narudi kwa barabara ya pwani, nikipitia Kigombe na Tongoni. Mstari niliouchora nyumbani kwenye kompyuta na kuupakia kwenye kifaa unakaribia kilomita 130.

Muheza ndiko kwenye machungwa, na sijapata kuona mwendesha baiskeli aliyepita pale asisimame. Nilitoka kwenye mstari kama mita mia mbili hivi, nikaiegemeza baiskeli kwenye mwembe, nikamenyewa machungwa matatu. Kifaa kikalia: umetoka njiani. Nikakiacha. Kikalia tena, na safari hii kikauliza iwapo nataka kikokotoe njia upya, nami kwa vidole vilivyoloa maji ya chungwa nikagusa "Ndiyo", ili mradi kinyamaze. Kiduara kikazunguka kwenye skrini hadi nikamaliza chungwa la pili, kisha kikatoa jibu: umbali uliobaki, kilomita 36. Kabla sijasimama ulikuwa 95.

Haikuwa hitilafu. Mwanzo na mwisho wa mzunguko wangu ni pamoja, mlangoni kwangu, kwa hiyo kilipojiuliza njia ya kufika mwisho, kikaona iliyo fupi kuliko zote ni kugeuza na kurudi nilikotoka. Pangani, ambako ndiko nilikokuwa ninakwenda, kikaifuta, kwani kwake Pangani haikuwa mahali pa kwenda bali rundo la nukta zilizolala katikati. Sisi wa Tanga tumezoea kutaniwa kwa ule usemi wa waja leo waondoka leo, lakini kurudishwa nyumbani kabla ya saa tatu asubuhi kulinizidi kimo.

Nikakipuuza, nikaendelea kushuka kuelekea Pangani. Kila baada ya mita mia chache kikawa kinaniamuru nigeuze. Mbaya zaidi, maelekezo ya kona niliyoyapanga mwenyewe yalikuwa yameondoka, na ule ukurasa unaoonyesha kilima kilicho mbele, urefu wake na ukali wake, nao ulikuwa umetoweka, kwa sababu ulikuwa umefungamana na mstari wa awali ambao sasa haukuwapo tena.

Nimelifikiria jambo hili nikiwa juu ya baiskeli, mahali ambapo mtu hupata nafasi ya kufikiri, na malalamiko yangu hasa ni haya. Mtu huuacha mstari kwa sababu zisizofanana. Yuko aliyepotea, akapita kona bila kuiona. Yuko aliyezuiwa, kwa kuwa maji yamekata barabara au mafundi wa barabara wameifunga. Na yuko aliyetoka kwa hiari yake, akanunue maji, azibe pancha kivulini, amjulie hali shangazi yake. Wa kwanza anataka kurudishwa pale alipouachia mstari. Wa pili anataka kuzungushwa kile kizuizi na kuungana na mstari mbele yake. Wa tatu hataki chochote. Anataka aachwe hadi atakaporudi mwenyewe. Kifaa kina jibu moja kwa wote watatu, tena jibu la mtu wa nne ambaye hayumo safarini: yule anayetaka kufika tu, kwa njia yoyote, haraka iwezekanavyo.

Naomba wenye ujuzi wanieleze kinachotokea mle ndani wakati kile kiduara kinapozunguka, na kama kuna namna ya kukitawala.

Mchora ramani

Mkuu mleta uzi, umeandika vizuri, na ile sehemu ya watu watatu nitaiazima. Nimekuwa nikihariri ramani ya OpenStreetMap kwa eneo letu kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitajaribu kueleza ninachokifahamu.

Kwanza, faili la GPX ulilopakia kwa kawaida halina barabara ndani yake. Lina nukta, kila moja ikiwa na latitudo na longitudo, na pengine mwinuko kutoka usawa wa bahari. Kifaa kinachora uzi kati ya nukta na nukta, basi. Hakijui kwamba nukta ya mia nne iko Muheza wala kwamba uliiweka kwa sababu unaipenda njia ile. Yako mafaili ya aina nyingine, TCX na FIT, yanayoweza kubeba pia maelekezo ya kona, lakini hata hayo ni vibao vilivyopachikwa juu ya mstari. Mstari ukitupwa, navyo vinatupwa.

Pili, kukokotoa njia ni kazi ya namna nyingine kabisa. Hapo kifaa kinauacha mstari wako na kuifungua ramani iliyo ndani yake, ambamo barabara zimehifadhiwa kama vipande vinavyounganishwa na vifundo, yaani nukta ambapo vipande vinakutana, na kila kipande kimepewa gharama, kwa mfano urefu wake. Kutafuta njia yenye jumla ndogo ya gharama ni hesabu ya zamani: Edsger Dijkstra, Mholanzi, aliichapisha kanuni yake mwaka 1959, na mwaka 1968 watafiti watatu wa Stanford Research Institute wakatoa iitwayo A*, ambayo huharakisha utafutaji kwa kuelekeza macho upande wa mwisho wa safari. Vifaa vingi leo vinatumia watoto na wajukuu wa kanuni hizo. Sasa angalia: kanuni inahitaji mwanzo na mwisho. Mwanzo ni pale ulipo. Mwisho ni nini? Hapo ndipo watengenezaji wanapotofautiana. Wako wanaochukua nukta iliyo karibu zaidi kwenye mstari uliobaki, wako wanaochukua kituo kinachofuata ulichokiweka mwenyewe, na wako wanaochukua nukta ya mwisho ya faili zima. Chako kimefanya hili la tatu, na kwa mtu wa mzunguko hilo ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote.

Kuhusu kiduara kuzunguka: kompyuta ya usukani imetengenezwa ili betri idumu siku nzima, si ili ifikiri haraka. Hesabu ambayo simu inaimaliza kwa kupepesa jicho inaweza kuichukua dakika, hasa ukiwa mbali na mwisho.

Ingia kwenye mipangilio ya njia. Vifaa vingi vina chaguo la kukokotoa upya: kifanye chenyewe, kiulize kwanza, au kisifanye kabisa. Weka kisifanye kabisa. Kitakuambia tu kwamba umetoka njiani, na mstari wako utabaki pale pale kwenye ramani ukikusubiri.

Fundi wa Ngamiani

Nawasoma kwa makini, ingawa mimi sina kifaa hicho. Ninaandika majina ya vijiji kwenye plasta nyeupe ya hospitali, kwa mpangilio wake, na kuibandika kwenye usukani. Nikifika njia panda nauliza jina linalofuata. Plasta haijawahi kunikokotolea kitu. Ila mvua ikinyesha wino unachuruzika, hilo nalikubali.

Msafiri wa Korogwe

Wakuu, naomba nisimame upande wa pili kidogo, maana naona kifaa kinahukumiwa bila wakili.

Nilikuwa ninashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo kisha Korogwe, ratiba ikanikatikia, giza likanikuta nikiwa katika mitaa nisiyoifahamu, nimekwishaikosa kona. Kifaa kilikokotoa upya chenyewe, bila kuniuliza, na kikanitoa kwa kona tatu hadi mlangoni mwa nyumba ya wageni niliyoiweka kama mwisho wa safari. Usiku ule sikuhitaji uzuri wa njia, nilihitaji kitanda. Mtu wa nne unayesema hayumo safarini, ndugu mleta uzi, usiku ule alikuwa mimi.

Hata hivyo, nina kisa kinachokuunga mkono. Kupanda kwenda Amani kutoka Muheza, barabara inajikunja ndani ya msitu, na ile mikunjo iko karibu karibu, mmoja juu ya mwingine. Setilaiti za GPS ziko juu kwa kilomita zipatazo 20,200, na mawimbi yake yakifika chini yamekwisha nguvu. Mahali peupe kifaa kinakosea mita chache tu, lakini chini ya miti mirefu, kilima kikiwa upande mmoja, kosa linakua. Kifaa changu kikaniona niko mkunjo wa juu wakati bado ninahema wa chini. Kikadhani nimeruka mbele. Kisha kikaniona nimerudi nyuma. Kikaniambia nimetoka njiani, kikakokotoa, kikaniambia nimerudi njiani, kikakokotoa. Wakati wote huo nilikuwa barabara ile ile moja, isiyo na njia panda hata moja, nikienda mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu.

Mleta uzi

Nimecheka hiyo ya Amani, na wakili wako amejieleza vizuri. Nakubali: ukiwa mgeni, usiku, na unachotaka ni kufika, basi kikokotoe. Ila naona hoja yangu inabaki palepale, kwamba usiku ule kilikufaa kwa kuwa haja yako ililingana na dhana yake.

Mchora ramani, nimefuata ushauri wako na kuzima. Lakini kabla sijazima kulikuwa na kisa kingine, nacho nadhani kinakuhusu wewe zaidi.

Upande wa magharibi wa mji tuna mashamba ya mkonge, na wanaoyajua wanajua kwamba ndani yake mna barabara zilizonyooka kama rula, zimekatana pembe mraba, na mistari ya mkonge haina alama ya kukuambia kama uko shamba la tatu au la saba. Siku moja kifaa kilinikatia njia humo. Nikaenda kilomita nne, vumbi jekundu hadi kwenye meno ya giya, nikakuta geti la bomba, limefungwa kwa mnyororo. Mlinzi alitoka chini ya kibanda cha makuti, akaniamkia kwa adabu, akasema, "Baba, hapa hapapitiki, na ulipotoka si njia vilevile." Nikamwonyesha skrini. Akaitazama sana, akasema, "Hicho kimekuona wewe, hakijaliona geti."

Nikageuza. Kifaa kikakokotoa upya, na njia mpya ikapita wapi? Getini. Nikashika barabara nyingine ya kuzunguka. Kikakokotoa, kikataka nikate kushoto, nirudi getini. Mara nne. Inakuwaje kiwe na uwezo wa kunijua nilipo kwa tofauti ya mita tatu, halafu kisiweze kujifunza kwamba hapo nimekwishakataliwa?

Mchora ramani

Mlinzi huyo anastahili kuajiriwa na watengenezaji. Amelieleza kwa sentensi moja.

Kifaa hakina kumbukumbu ya kukataliwa. Kila kikikokotoa kinaanza hesabu upya, juu ya ramani ile ile, na ramani ile inasema kipande kile kiko wazi. Kugeuza kwako hakikusomi kama ushahidi kwamba njia imefungwa. Kinakusoma kama kosa jingine la dereva. Viko vifaa na programu za simu zinazokuruhusu kukiziba kipande kwa mkono, lakini lazima usimame ukifanye hivyo mwenyewe.

Ramani za vifaa vingi vya baiskeli zinatokana na OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa mwaka 2004 na Steve Coast kule Uingereza, ambao unachorwa na watu wa kujitolea. Ubora wake unafuata walipo wachoraji. Dar es Salaam ilichorwa kwa kina kupitia Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015 kwa ajili ya mafuriko, wanafunzi na wakazi wakapita mitaa kwa mitaa. Huku kwetu sehemu kubwa ya barabara za mashambani zimechorwa na mtu aliyekaa mbali akitazama picha ya setilaiti. Barabara ya mkonge anaiona. Geti la bomba lenye unene wa mkono, haoni. Wala haoni kama kipande ni lami, changarawe au mchanga unaomeza tairi, kwa hiyo mara nyingi anaacha sehemu hiyo tupu, na kifaa kikikuta patupu kinakisia.

Liko kosa jingine ambalo kwa macho huwezi kuliona: barabara mbili zinazoonekana zimekutana, kumbe mchoraji hakuzifunga kwenye kifundo kimoja. Kwenye skrini ni njia panda. Kwenye hesabu ni barabara mbili zinazopishana kama daraja na reli. Basi kifaa kinakuzungusha kilomita kumi kukwepa pengo la nusu mita lisilokuwapo duniani.

Na tahadhari moja kwa wote: kile kitufe cha kuepuka barabara zisizo na lami kinaonekana cha busara, lakini huku kwetu maana yake ni kwamba kila kona unarudishwa barabara kuu ya Segera, kwenye mabasi na malori. Bora vumbi. Vivyo hivyo, zile programu zinazopendekeza njia kwa kuangalia wapi waendesha baiskeli wengi wamepita zinafaa penye waendesha baiskeli wengi wenye vifaa. Tanga baiskeli ni nyingi, vifaa ni vichache. Muuza samaki anayetoka Kigombe alfajiri na tenga lake anajua njia kuliko sisi sote, lakini hakuna faili lake popote.

Mwalimu wa Bagamoyo

Nachangia kwa ufupi kutoka huku. Nilipanga safari ya Bagamoyo hadi Pangani kwa kupitia Msata na Segera, njia ndefu lakini ya uhakika. Nilipotoka njiani kidogo tu, kifaa kikaikata safari yote na kunielekeza pwani, kupitia Saadani. Kwa kilomita ni kweli kinashinda. Kwa mengine yote, ile ni hifadhi ya taifa, ina geti la kiingilio, ina simba na tembo, na mimi nina baiskeli yenye kengele.

Tiba niliyoipata ni ya kukata faili. Sipakii tena safari nzima kama kitu kimoja. Naigawa vipande, kila kipande kikiishia mahali ambapo kwa vyovyote vile lazima nifike. Ndugu mleta uzi, mzunguko wako ungeukata mara tatu: Tanga hadi Muheza, Muheza hadi Pangani, Pangani hadi Tanga. Kifaa kikichanganyikiwa ukila machungwa, mwisho kinaoufahamu ni Muheza au Pangani, hakiwezi kukuchukua nyumbani. Kazi yake ni kwamba lazima ukumbuke kufungua kipande kinachofuata, na jumla ya kilomita utaijumlisha mwenyewe jioni.

Msafiri wa Korogwe

Hilo la kukata faili nimelipenda, kwa sababu linaniachia kukokotoa kukiwa kumewashwa. Mwalimu, ahsante sana.

Mleta uzi

Narudi na mrejesho, wakuu, maana uzi usio na mrejesho ni kama pancha iliyozibwa bila kujazwa upepo.

Jumapili iliyopita nimeuzunguka tena. Faili nimelikata mara tatu kama alivyoelekeza Mwalimu, na kukokotoa upya nimekuzima kama alivyoelekeza Mchora ramani. Pale Muheza nikatoka kwenye mstari, nikala machungwa yangu. Kifaa kikalia mara moja, kikaweka kishale kidogo kuonyesha mstari uko upande gani, kikanyamaza. Nikarudi barabarani, nacho kikaendelea kana kwamba hakikuniona. Kigombe nimekunywa madafu mawili kwa amani.

Hasara nimeipata pia, siifichi. Kati ya Muheza na Pangani kuna mahali njia inagawanyika, na inayoonekana kubwa siyo. Kwa kuwa nilikuwa nimechoka na milio nikaizima nayo, nilikwenda kilomita moja na nusu nikiufurahia mteremko kabla sijatazama chini na kukuta mstari haupo kwenye skrini. Kuupanda ule mteremko kurudi kumenifunza kuuacha mlio ukiwa umewashwa. Fundi, wewe ungekuwa umeshauliza jina linalofuata kwenye plasta.

Jana usiku nimejiandikisha OpenStreetMap na kuliweka lile geti, na barabara iliyo nyuma yake nimeiandika kuwa ni ya watu binafsi. Imenichukua dakika kumi, na saba kati ya hizo nilikuwa ninatafuta ni mstari upi wa mkonge. Kwenye tovuti geti limekwishaonekana. Ndani ya kifaa changu bado barabara iko wazi, na itabaki hivyo hadi nitakapopakia ramani mpya. Mchora ramani, naomba ulipitie, kwa sababu sina hakika kama nimeliweka upande wa kibanda cha mlinzi au upande wa pili.